Kabla ya Kuiwasha Kamera

Garissa, Jumamosi, baada ya alasiri

Hodan, mwanangu,

Mungu akupe amani popote utakapoisomea karatasi hii, ingawa ningependa uisomee hapa hapa nyumbani, leo, kabla ya isha. Nimeiweka juu ya begi lako, si ndani, ili usije ukasema hukuiona.

Umetoka kwenda kuwaaga eeddo zako, na ninavyowajua dada za baba yako hawatakuachilia upesi. Nimepata nafasi ya kukaa kwenye meza hii ya dirishani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia shuleni. Kisomali chetu nakisema vizuri kuliko ninavyokiandika, na leo sitaki kukosea neno.

Sitaandika habari za chakula, wala kitambulisho kwenye vizuizi vya polisi, wala kumpigia baba yako simu akiwa njiani na lori. Hayo umeambiwa mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Naandika juu ya jana asubuhi, Mama Shukri alipokuja na maziwa ya ngamia.

Ulikuwepo. Alivua viatu mlangoni akaanza utani wake hata hajakaa.

"Haya, mama msafiri! Mimi wangu namsomesha uuguzi. Wako anaenda Thika kufanya nini, kulinda chumba?"

"Amepata kazi," nikamwambia.

"Shukri anasema ni ya kompyuta. Kompyuta ya wapi? Ya ofisini?"

"Hapana, ya nyumbani. Atafanyia chumbani watakamokaa na Shukri."

"Maashallah, kazi ya kivulini! Yaani kompyuta tu? Hakuna wanaume wa kuingia na kutoka?"

Ulikuwa ukisugua sufuria. Mkono wako ukasimama, ukanitazama. Nami nikasema, "Kompyuta tu, walaal, dada yangu. Hakuna mtu anayeingia."

Akafurahi. Akasema basi wasichana wetu watakaa kama wako kwao, watavua mitandio, watasukana nywele, hakuna wa kuwasumbua. Akatumiminia maziwa zaidi ya tuliyoagiza.

Jioni nilifungua daftari langu, nikaandika tarehe juu kama kawaida, kisha nikaandika mstari mmoja: "Nimemdanganya Mama Shukri." Nilitaka kuendelea na mambo mengine ya siku nikashindwa. Nikaenda kwenye sanduku nikatoa daftari za zamani, zile ambazo nilikukataza kuzigusa ulipokuwa mdogo. Nimezisoma jana na leo. Ndiyo maana macho yangu yamekuwa mekundu. Si vumbi, kama nilivyokuambia.

Mkataba wako nimeusoma. Uliuacha mezani Alhamisi, nikausoma mara mbili, mara ya pili nikiweka rula chini ya kila mstari. Kila dakika kumi programu yao itapiga picha ya skrini yako na picha ya mahali ulipo. Itahesabu unavyobonyeza na unavyosogeza kipanya. Mfanyakazi awe peke yake chumbani. Zamu yako ni kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Shukri atakuwa anatoka darasani saa kumi. Chumba ni kimoja. Na Shukri hajui lolote juu ya kamera.

Nilipokuuliza ulinijibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari: "Hooyo, nyuma yangu kutakuwa na ukuta. Nikimwambia ataogopa. Atamwambia mama yake, mama yake atakataa, mimi nitakosa chumba. Nikikosa chumba nimekosa kazi, na inaanza Jumatatu. Unataka nikose kazi?"

Sikukujibu siku ile. Mimi pia niliwahi kuwa na ukuta nyuma yangu.

Unakumbuka kwamba nilifanya kazi ya namna hiyo ulipokuwa darasa la tatu na la nne. Unachokumbuka ni laptopu na mimi nikiwa nimeinama. Unajua kwamba kazi iliisha, na kwamba miezi miwili kabla ya hapo ayeeyo, bibi yako mzaa baba, alihama kwetu akaenda kukaa na eeddo yako Takaba. Uliambiwa ni kwa ajili ya joto la Garissa na magoti yake. Takaba kuna joto pia, Hodan. Hukuwahi kuuliza, nami nilishukuru kwamba huulizi.

Nianze na mazuri ya kazi ile, maana yalikuwepo, na sitaki uisome barua hii ukidhani ni mwanamke wa zamani anayeogopa mashine.

Kabla yake nilikuwa nikipiga chapa kwenye duka moja karibu na ofisi za serikali. Barua za watu, maombi ya kazi, hati za viwanja. Mwenye duka alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti changu na kusoma skrini akiwa ameegemea bega langu. Wateja wakiisha aliniambia nisubiri kidogo, kuna barua moja ya mwisho. Mara nyingi hapakuwa na barua. Nilipopata mkataba wa kufanyia nyumbani, siku ya kwanza niliandika kwenye daftari: "Leo hakuna aliyesimama nyuma yangu." Nilikuwa nimepiga mstari chini ya maneno hayo.

Kazi ilikuwa kuchora visanduku. Walituletea picha za barabara za nchi za mbali. Nilichora kisanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtu aliyevuka, ili mashine zao zijifunze kuvitambua. Nilichora visanduku kuzunguka maelfu ya watu ambao hawakujua kwamba kuna mwanamke Garissa anayewatazama wakivuka barabara na mifuko yao ya sokoni. Sikuliwaza hilo hata siku moja. Niliwaza tu kwamba mistari iguse viatu na isipite kichwa.

Na ile saa ya programu iliyokuwa ikinihesabu iliwahi kunitetea. Wakala aliyetuunganisha na kampuni alidai kwamba wiki nzima sikufanya kazi, kwamba nilifungua tu na kuondoka. Kwenye duka la kupiga chapa angeaminiwa yeye, basi. Lakini nilimwandikia msimamizi nikaomba kumbukumbu zifunguliwe, na zikafunguliwa: picha yangu, kila dakika kumi, siku zote tano, nimekaa pale pale. Wakala aliniandikia maneno mawili, "Samahani. Kosa." Nilimsomea ayeeyo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo una mlinzi," akasema. "Mwambie awalinde na mbuzi wangu."

Alikuwa upande wangu, ayeeyo. Majirani walipouliza kwa nini mke wa mwanawe anashinda ndani na mashine, aliwajibu, "Mnataka ashinde wapi, kwenu?" Aliniletea chai bila kusema, akaiweka sakafuni karibu na mguu wangu, akaondoka akinyata.

Sasa upande wa pili. Ungali na kovu kwenye unyayo wa kushoto. Ulikanyaga kigae cha chupa nyuma ya nyumba. Mtoto yeyote angekuja akilia. Wewe ulikuja mpaka kwenye mlango huu, damu inatiririka, ukasimama kimya. Ulikuwa umekwisha kujifunza kwamba nikiinua kidole maana yake usiseme, picha inakaribia kupigwa. Nilikuwa nimeinua kidole bila hata kugeuka. Nilipokishusha na kugeuka, sakafu ilikuwa na alama. Nimeitafuta siku hiyo kwenye daftari. Ipo. Nimeandika: "Hodan amejikata mguu. Shughuli ya leo asilimia tisini na mbili."

Niliandika yote mawili kwenye mstari mmoja, kwa mkono mmoja.

Na swala. Hakuna aliyenikataza kuswali, siwezi kusema uongo. Unabonyeza mahali, saa inasimama, unaswali, unarudi. Lakini ukisimamisha mara nyingi asilimia inashuka, na wenye asilimia ya chini walipewa kazi mwisho. Nikaanza kuswali kama mtu anayefukuzwa. Rafiki yangu Kaltuma, tuliyeanza naye kazi, alipata dawa yake: alifunga kipanya kwa kamba kwenye feni inayogeuka, akawa anaswali na kupika huku feni ikimsogezea. Mwezi wa kwanza alipata asilimia mia. Mwezi wa pili wakamwondoa. Alikuja hapa akianguka kwa kicheko: "Walaahi, feni yangu imefukuzwa kazi! Wanasema hakuna binadamu anayefanya kazi hivyo!" Tulicheka sote. Kisha akakaa, akauliza kama nimesikia nafasi yoyote sokoni.

Nimechelewa kufika ninapokwenda. Nitafika.

Nyumba yetu unaijua ilivyo. Kutoka bafuni uani hadi chumba alichokuwa akilala ayeeyo, njia ya karibu ni kupitia sebuleni. Njia ya pili ni kuzunguka nje, kwenye jua, kupita zizi la mbuzi, mpaka mlango wa mbele. Meza yangu ilikuwa sebuleni, kamera ikitazama ukuta ulio nyuma yangu na ukingo wa mlango. Ukingo tu, upana wa mtu mmoja mwembamba.

Siku nilipoanza kazi nilijiuliza kama niwaambie watu wa nyumbani juu ya kamera. Nikajijibu kwamba kamera ni chombo, na chombo si mwanamume, si ajnabi wa kujifunikia. Nilijiambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza jambo. Lakini kila asubuhi, Hodan, kabla ya kuiwasha, nilijifunga mtandio. Ndani ya nyumba yangu, milango imefungwa, nilijifunga mtandio na kuupiga pini. Kwa hiyo nilikuwa najua. Kichwa changu kilisema ni chombo na mikono yangu ikajifunika.

Ilikuwa Jumanne. Ayeeyo alikuwa amepaka hina nywele zake, akaziosha, akatoka bafuni nazo zimeachiwa mgongoni, zinachuruzika, shuka imefungwa kifuani, kama afanyavyo mwanamke mzima katika nyumba ya mwanawe saa ambazo hakuna wanaume. Alipita. Mimi nilikuwa kwenye picha moja ngumu yenye watu wengi, sikumsikia. Unajua anavyotembea.

Jumatano asubuhi nilikuta ujumbe wa msimamizi. Ulikuwa na picha. Mimi mbele, na mtandio wangu wenye pini. Nyuma yangu, mlangoni, ayeeyo. Na kumzunguka ayeeyo, kutoka kisigino hadi utosini, kisanduku chekundu. Kilikuwa kimechorwa vizuri, mistari imegusa pale inapotakiwa kugusa. Chini yake: "Eleza mtu huyu ni nani na kwa nini yuko mahali pako pa kazi. Una saa ishirini na nne."

Ayeeyo alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Nywele zake zilikuwa hazijaonwa na mwanamume asiye mume wake, baba yake, ndugu zake na wanawe.

Niliandika majibu mawili, na kwa kuwa ni tabia yangu kunakili, yote mawili yamo kwenye daftari. La kwanza: "Huyu ni mama mkwe wangu, anaishi hapa. Hakujua kuna kamera, na hakuwa amejifunika. Naomba picha hii ifutwe na isitazamwe na mtu mwingine." La pili: "Ni mama mkwe wangu. Haitatokea tena."

Nilituma la pili.

Niliogopa nikiomba kitu nitaonekana mtu wa matatizo. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi michache tu ujadiliwe upya. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimejaribu kutafuta nyingine kwenye daftari, kwa siku mbili, sijaipata.

Jioni nilimwambia ayeeyo kwamba kazi sasa inataka utulivu, na kwamba ingekuwa vizuri asipite sebuleni mchana. Hakuuliza. Alisema, "Sawa, hooyo," akiniita mama kama anavyomwita kila mtu anayempenda. Tangu kesho yake akawa anazunguka nje. Bafuni, zizini, mlango wa mbele, na magoti yale. Saa sita mchana, Garissa. Mimi nilisikia kandambili zake kwenye changarawe, nikaona kivuli chake kikipita dirishani, nami nikaendelea kuchora visanduku vyangu. Ulimwuliza siku moja kwa nini anapita juani. Akakuambia anawaangalia mbuzi.

Hali ilikaa hivyo zaidi ya mwezi. Kisha Ijumaa moja, mimi sipo kazini, alikuja akasimama mbele ya meza hii. Laptopu ilikuwa wazi.

"Hiki kitaa cha kijani," akasema. "Kikiwa kinawaka, kinafanya nini?"

"Kinaonyesha kamera inafanya kazi."

"Inamtazama nani?"

"Mimi, ayeeyo."

"Na anayepita?"

Nikageuza macho kwenye ukingo wa mlango.

"Iliniona?"

"Ilikuona."

"Lini?"

Nilimtajia siku na tarehe bila kufikiri, na hapo nilitamani kwa mara ya kwanza maishani nisingekuwa mtu wa kuandika tarehe.

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa umetoka kuoga. Ulikuwa na hina."

Alikaa chini polepole, kwenye mkeka, akavuta mtandio wake wa garbasaar mpaka kwenye nyusi, ndani ya nyumba, mimi na yeye tu.

"Nani aliitazama?"

"Sijui."

"Mwanamume?"

"Sijui, ayeeyo. Sijawahi kumwona wala kumsikia."

"Iko wapi sasa?"

"Sijui."

Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu zaidi: kama nilijua siku ile ile, au nilijua baadaye. Nikamwambia siku ya pili yake. Akahesabu kwa vidole, wiki alizozunguka juani. Akasimama, akaenda chumbani, kwa kupitia nje.

Baada ya siku nne alimpigia simu baba yako amtafutie nafasi kwenye lori la rafiki yake anayeenda Takaba. Hakumwambia kwa nini. Hajamwambia mpaka leo, na hilo nalo nimelibeba, kwamba ameniheshimu kwa kunyamaza kuliko mimi nilivyomheshimu.

Alipoondoka ndipo nilipoandika ombi la kufutwa picha. Nilijibiwa, "Ombi lako limepokelewa." Mwisho wa mwezi uliofuata mkataba haukuongezwa. Hawakutoa sababu, na sitakuambia kwamba ni ombi lile lililoniondoa, maana sijui. Sijui pia kama picha ilifutwa. Hata sasa ninapoandika, sijui.

Mwaka uliofuata nilikwenda Takaba, kwenye harusi ya mtoto wa eeddo yako. Wewe ulibaki na mitihani. Nilimkuta ayeeyo jikoni anachambua mchele. Nilikaa karibu yake nikasaidia kuchambua mpaka sinia ikaisha, ndipo nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe kwenye lori," akasema. "Tulikuwa hatujapita hata Modogashe."

"Kwa nini hukurudi, basi?"

"Kusamehe ni kwangu. Kurudi ni kupita pale mlangoni." Akachukua kokoto kwenye mchele, akaitupa. "Ungeniuliza tu. Siku ya kwanza. Ungesema, ayeeyo, nimepata kazi, ina jicho, linatazama huku. Ningejua pa kupita."

"Ungekubali?"

Alifikiri. Hakutaka kunifurahisha.

"Labda ningekataa," akasema. "Na ndiyo sababu hukuuliza."

Hodan, umekuwa ukimcheka ayeeyo anavyoongea kwenye simu akiwa ameifunika na kitambaa, hata simu ya kawaida isiyo na picha. Unamwigiza vizuri, mpaka baba yako anacheka. Sikukukataza kwa sababu kukukataza kungenilazimu kueleza. Nimekueleza sasa.

Usinielewe vibaya juu ya kazi. Sikuambii uiache. Uliitafuta miezi saba, ulifanya majaribio yao mara tatu stima ikikukatikia, na uliposhinda ulipiga kelele mpaka mbuzi wakatoka. Ni kazi halali. Utakaa na masaa yako, hakuna atakayeegemea bega lako, na atakayesema hukufanya utamwonyesha. Mimi ningeitamani tena leo. Ungenikuta nimekaa kwenye kiti hiki nikijifunga mtandio.

Lakini anayeweka saini ni wewe, na atakayepigwa picha ni pamoja na Shukri. Wewe umesoma kurasa zote kumi na moja. Yeye anajua "kompyuta tu". Atatoka darasani saa kumi amechoka, atavua buibui, atataka kunawa na kulala na dirisha limefunguliwa. Utainua kidole? Utamfundisha kuzunguka nje? Chumba chenu kiko ghorofa ya tatu, hakuna nje ya kuzunguka. Na siku atakapouliza kitaa kile kinafanya nini, ataanza kuhesabu kwa vidole mbele yako.

Mwambie kabla. Mwambie yote, si nusu: jicho linatazama upande gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, kwamba hujui ni nani anayetazama, na kwamba likishamchukua huwezi kumrudishia. Usimwambie kwa namna ya kumwomba akubali. Mwambie kwa namna ambayo anaweza kukataa. Pengine atasema mtundike pazia. Pengine atasema atakuwa akikaa maktaba mpaka saa nne. Pengine atasema hapana, na hapo sitakudanganya kwamba chumba kingine kitapatikana kabla ya Jumatatu. Huenda ukakosa kazi. Nimeliandika hilo wazi kwa sababu nikikuficha nitakuwa nimekufanyia kile kile ninachokusihi usifanye.

Sasa lililobaki ni langu. Jana niliulizwa swali na jirani yangu ndani ya nyumba yangu, nikampa jibu la uongo, naye akanilipa kwa kunimiminia maziwa zaidi. Jibu lile ni langu, si lako, na sitalilaza siku nyingine kama nilivyolilaza lile la ayeeyo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi Mama Shukri atakuwa steji kumsindikiza binti yake kwenye basi lile lile unalopanda wewe. Nitamwambia.

Sikuandikii hili kukutisha. Nakuandikia ili usikutane nalo pale mbele ya watu. Shukri yuko nyumba ya nne kutoka hapa, anapanga nguo zake. Ukitoka sasa utamkuta. Ukimwambia wewe, mama yake atalisikia leo kutoka kwa binti yake, ataniuliza kesho kwa hasira kwa nini nilimdanganya, na mimi nitakuwa na la kujibu. Atakuwa na usiku mzima wa kuamua na binti yake. Nikimwambia mimi, atakuwa na dakika chache na basi limewashwa.

Ukiamua kutokwenda kwa Shukri leo, sitakuuliza asubuhi. Nitakuamsha alfajiri tuswali pamoja, bila haraka. Nitabeba begi lako mwenyewe mpaka steji hata ukikataa. Nitakukumbatia, nikuombee dua, nikuachie. Kisha nitamgeukia Mama Shukri.

Hooyo yako